Kupiga mbizi baharini ukiwa kwenye dawati

Je, mzazi, mtoto wako amewahi kuona tumbawe likiwa hai? Usikimbilie kujibu kwamba mlikwenda Mombasa Desemba. Wengi wetu tukifika pwani huishia ufuoni. Tunapiga picha na ngamia, tunakula viazi karai, kisha tunarudi Nairobi na mchanga viatuni. Matumbawe yako chini ya maji, na anayetaka kuyaona sharti awe na mashua, miwani ya kuogelea na moyo mgumu kidogo.

Tuseme basi mtoto huyo yuko Gredi ya Sita katika shule iliyoko Umoja au Kawangware, na mwalimu amefikia somo la mazingira ya bahari. Kitabu kina aya chache na picha moja ambayo mashine ya kuchapisha imeipa rangi ya chai. Mtoto atakariri kwamba matumbawe ni makazi ya samaki, ataandika hivyo katika mtihani, atapata alama, na baada ya wiki mbili atakuwa amesahau. Si kosa lake. Ni vigumu kukionea uchungu kitu ambacho hujawahi kukiona.

Katika nchi za ng'ambo, watafiti na walimu wamekuwa wakijaribu dawa ya tatizo hilo kwa miaka kadhaa sasa. Inaitwa uhalisia pepe. Miwani yake inauzwa hata hapa Nairobi, na si ajabu siku moja ukaikuta katika orodha ya mahitaji ya shule, baina ya sare za michezo na karatasi za shashi. Kwa hivyo ni vyema ujue mapema inachoweza kumfanyia mtoto wako, na isichoweza.

Mwanafunzi huvalishwa miwani kubwa inayoziba macho yote mawili, mithili ya ile ya fundi wa jua kali anayechomelea vyuma. Ndani mna skrini na lenzi mbili. Kila jicho huonyeshwa picha yake, na picha hizo hutofautiana kidogo tu. (Inua kidole chako sasa hivi, ufunge jicho moja kisha jingine, nawe utaona jinsi kidole kinavyoruka.) Ubongo huziunganisha picha hizo na kuona umbali. Isitoshe, kuna vifaa vidogo vinavyohisi kichwa kinapogeuka, na picha hugeuka nacho papo hapo. Ukitazama juu unaona juu. Ukigeuka nyuma unaona kilichoko nyuma. Hapo ubongo husalimu amri. Mtu mzima mwenye mke na watoto huinua mguu kukwepa jiwe ambalo halipo.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone alieleza jinsi picha mbili zilizochorwa kwa tofauti ndogo zinavyoweza kuonekana kama kitu kimoja chenye kina. Mwaka 1968 Mmarekani Ivan Sutherland aliunda kifaa cha kuvaa kichwani kilichounganishwa na kompyuta, kizito hivi kwamba ilibidi kishikiliwe na mitambo iliyotoka darini. Kilichobadilika tangu wakati huo ni uzito na bei.

Sasa njoo nami hadi Chuo Kikuu cha Stanford, katika jimbo la California nchini Marekani. Huko kuna maabara iliyoanzishwa na Profesa Jeremy Bailenson mwaka 2003, ambayo kazi yake ni kuchunguza miwani hii inamfanya nini anayeivaa. Mwaka 2016 maabara hiyo, kwa ushirikiano na wataalamu wa viumbe vya bahari, ilitoa bila malipo somo linalohusu asidi baharini. Ni somo la dakika chache tu, lakini ngoja nikupitishe.

Mwanafunzi hujikuta mjini, kando ya gari linalotoa moshi. Anaonyeshwa chembe za gesi ya kaboni zikipaa, na anaweza kunyoosha mkono kuigusa mojawapo. Chembe hiyo inasafiri hadi baharini, inazama, inachanganyika na maji na kuzaa asidi. Halafu yeye mwenyewe anashuka chini ya bahari, mahali halisi paitwapo Ischia, kisiwa cha Italia karibu na mji wa Naples.

Kwa nini Ischia? Kwa sababu ni kisiwa cha volkano, na katika sehemu fulani gesi ya kaboni hububujika yenyewe kutoka sakafu ya bahari, kama soda iliyofunguliwa. Hakuna kiwanda hapo wala matatu, lakini maji ya sehemu hiyo tayari yana kiasi cha asidi ambacho wanasayansi wanahofia kitaenea katika bahari za dunia kufikia mwisho wa karne hii iwapo hatutapunguza moshi. Ni kana kwamba Mola ametuwekea kipande kidogo cha siku zijazo tukikague. Upande mmja wa mwamba kuna viumbe tele. Mita chache kando, kwenye mapovu, kuna majani ya baharini na si mengi mengine.

Kazi ya mwanafunzi ni kuhesabu konokono. Anawahesabu upande wenye afya, kisha anawatafuta upande wenye mapovu na kuwakosa. Konokono wa baharini, kama chaza na matumbawe, hujenga nyumba yake kwa chokaa anayoitoa majini, na maji yenye asidi huifanya kazi hiyo kuwa ngumu na hata kuila nyumba iliyokwisha kujengwa. Bahari hunywa takriban robo ya gesi ya kaboni tunayoitoa, na asidi yake imepanda kwa karibu asilimia 30 tangu viwanda vilipoanza kuenea duniani. Tarakimu hizo zikiandikwa ubaoni, darasa hupiga miayo. Mtoto aliyemtafuta konokono akamkosa atauliza mwenyewe amekwenda wapi.

Watafiti hao walichapisha matokeo yao mwaka 2018. Walikuwa wamewajaribu wanafunzi wa sekondari, wa chuo kikuu na watu wazima, katika majaribio manne. Katika mojawapo, mwanafunzi alijiona akiwa tumbawe lenyewe, limesimama mwambani, na jirani zake wakifa mmoja mmoja kadiri miaka inavyosonga. Kwa jumla waliovaa miwani walitoka wakijua zaidi, au wakiwa na hamu zaidi ya kujua, na mara nyingine wakiyapenda mazingira zaidi. Jambo ambalo mimi naona lina uzito kuliko yote ni hili: kadiri mtu alivyozungukazunguka na kuchunguza chini ya maji hayo ya bandia, ndivyo alivyojifunza zaidi. Aliyekaa kitako akingoja kuonyeshwa hakufaidika sawa na huyo.

Kuna jaribio jingine, la mti. Sun Joo Ahn na wenzake, akiwemo huyo huyo Bailenson, walilichapisha mwaka 2014. Waliwagawa watu makundi. Kundi moja lilisoma maelezo ya jinsi miti inavyokatwa ili tupate karatasi. Kundi la pili lilivaa miwani na kukata mti mkubwa kwa msumeno wa mashine, mkono ukitetemeshwa na kifaa maalumu mpaka mti ukaanguka. Walipoulizwa maswali, makundi yote mawili yalisema maneno mazuri kuhusu mazingira. Baadaye maji yakamwagika mezani (kwa makusudi, ingawa wao hawakujua) na wakaombwa kusaidia kupangusa. Waliokuwa wamekata mti walitumia karatasi chache zaidi, kwa kiasi cha asilimia 20, kuliko waliosoma tu. Sisi Wakenya ambao hutoa hotuba tamu kila msimu wa kupanda miti tungefaa kulitafakari jaribio hilo. Kusema, wote walisema. Tofauti ilionekana mikononi.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wauzaji wa miwani hii wamesifiwa vya kutosha. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walilinganisha somo la mwili wa binadamu lililotolewa kwa miwani na lile lililoonyeshwa kwa picha za kawaida kwenye kompyuta. Waliovaa miwani walifurahi zaidi. Waliotazama picha za kawaida walipata alama bora zaidi. Mwaka uliofuata, watafiti wakiongozwa na Guido Makransky wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, walipata matokeo kama hayo katika somo la maabara: wenye miwani walijihisi wamo ndani kabisa, ila walijifunza machache kuliko waliotumia kompyuta ya mezani. Akili yao ilikuwa imelemewa na maajabu. Nani akumbuke majina ya chembe ilhali papa anapita kichwani?

Wale wa Santa Barbara walijaribu pia tiba, nayo ni rahisi ajabu. Walilikata somo vipande, na kila kipande kilipokwisha mwanafunzi alivua miwani na kuandika kwa ufupi alichokiona. Hao walijifunza zaidi ya wale walioachwa watazame moja kwa moja. Kwa maneno mengine, kalamu na daftari bado vinahitajika, na mwalimu bado anahitajika kuliko vyote. Shule itakayonunua miwani na kumwacha mwalimu wa sayansi bila mafunzo itakuwa imenunua sinema.

Turudi nyumbani. Matumbawe tunayo, Malindi, Watamu, Kisite na kwingineko, na yana kisa chao. Mwaka 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipata joto lisilo la kawaida, na matumbawe ya pwani yetu yakageuka meupe. Tumbawe hulishwa na viumbe vidogo vya jamii ya mwani vinavyoishi ndani yake. Joto likizidi huvifukuza, na joto lisipopungua upesi hufa njaa. Sehemu kubwa ya matumbawe yetu yalikufa mwaka huo. (Hilo lilikuwa joto, si asidi, na mwalimu asiyachanganye, ingawa gesi inayoleta yote mawili ni ile ile.) Hakuna basi la shule linaloweza kumpeleka mtoto mwaka 1998. Wala hakuna litakalompeleka kutazama Barafu ya Lewis ya Mlima Kenya jinsi ilivyokuwa mwaka 1934, kabla haijapoteza takriban asilimia 90 ya ujazo wake kufikia mwaka 2010. Hapo ndipo miwani inapostahili bei yake: mahali ambapo miguu haifiki, na nyakati zilizopita au zisizofika bado.

Kwingineko, la hasha. Mimi ningesikitika kuona mtoto wa Nairobi akivalishwa miwani ili aonyeshwe msitu wa mbali huku Msitu wa Karura, wenye zaidi ya hekta 1,000, uko mwendo mfupi kutoka katikati ya jiji, na maporomoko ya maji na mapango yake. Msitu huo haukubaki hivi hivi. Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda huko na miche mikononi, na Januari 1999 wakapigwa kwa ajili yake. Mtoto anaweza kuugusa mti wenyewe, tena bila betri.

Hali kadhalika Mto Nairobi. Mto huo huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri, huko Kikuyu, ukapita katikati ya jiji ukibeba kila tunachoutupia. Miwani inaweza kuonyesha rangi ya maji hayo. Haiwezi kuonyesha harufu. Na yeyote aliyewahi kusimama karibu na jaa la Dandora, ambalo lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, anajua kwamba harufu ndiyo nusu ya somo. Watoto wetu si wageni wa mazingira. Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliingia majumbani mwao, na shule zikachelewa kufunguliwa nchi nzima. Mtoto aliyebeba godoro kichwani usiku kutoka Mathare haitaji kuonyeshwa mafuriko ya bandia. Anahitaji mtu wa kumweleza maji yale yalitoka wapi na kwa nini mtaro haukuyameza.

Kwa maelezo ya namna hiyo si lazima miwani. Chuo Kikuu cha Harvard kilitengeneza somo la kompyuta ya kawaida liitwalo EcoMUVE. Wanafunzi hutembelea bwawa la kubuniwa na siku moja hukuta samaki wakubwa wamekufa. Nani kawaua? Wanaruhusiwa kurudi nyuma siku kadhaa, kupima hewa iliyomo majini, kuuliza watu wa eneo hilo, na polepole wanagundua kwamba mvua iliteremsha mbolea hadi bwawani, mbolea ikalisha mwani, mwani ukafa na kuoza, na kuoza huko kukamaliza oksijeni. Muuaji alikuwa juu ya kilima, na hakujua kwamba anaua. Mtoto wa Kisumu aliyeona gugumaji likifunika Ziwa Victoria ataelewa mara moja, kwa kuwa gugu hilo nalo hunenepa kwa mbolea na uchafu tunaoteremsha ziwani.

Sasa tuzungumze pesa na mambo mengine ya mkutano wa wazazi. Piga hesabu nami. Darasa lina watoto 60 na shule imenunua miwani minne. Kila mtoto akipewa dakika tano tu, inahitajika saa moja na robo. Kipindi cha Gredi ya Sita ni dakika 35. Wale 56 wanaosubiri watafanya nini, kama si kelele? Shule yenye busara itaunganisha miwani moja na projekta, mmoja avae na kuongoza, wengine watazame ukutani na kuhesabu konokono naye, kisha wabishane kuhusu idadi. Uliza kama hilo limefikiriwa.

Uliza pia masomo yenyewe yatatoka wapi. Mwaka 2014 kampuni ya Google ilitoa miwani ya kadibodi ya bei rahisi ambayo unatia simu ndani yake, na mwaka uliofuata ikaanzisha Expeditions, mpango wa kuwatembeza wanafunzi duniani kwa miwani hiyo. Shule zikaupenda. Juni 2021 Google iliufunga. Kadibodi zilibaki kabatini. Anayekuuzia miwani leo akueleze programu yake itakuwa inafanya kazi mtoto akifika Gredi ya Tisa, na kama inaweza kutumika bila intaneti siku ambayo bando limekwisha.

Ukitaka kujaribu nyumbani kwa kadibodi na simu, fahamu kwamba simu nyingi za bei nafuu hazina kile kifaa cha kuhisi kichwa kikigeuka. Utaivaa, utageuza shingo, na picha itabaki palepale ikikukodolea macho.

Na umri je? Meta, watengenezaji wa miwani ya Quest, walikuwa wameweka kiwango cha miaka 13, na mwaka 2023 wakakishusha hadi miaka 10 kwa idhini ya mzazi. Sony inataja miaka 12 kwa miwani yake. Kwa hivyo watoto wa madarasa ya chini wasahau. Hata kwa wakubwa, baadhi huona kizunguzungu na kichefuchefu, kwa sababu macho yanasema tunakwenda na masikio yanasema tumekaa. Dakika tano hadi kumi zinatosha, mtoto akiwa ameketi. Na miwani ipanguswe kila inapotoka uso mmoja kwenda mwingine, maana ugonjwa wa macho mekundu haujui uhalisia pepe.

Wakati unasubiri shule yako iamue, somo la konokono unaweza kulianza jikoni wiki hii. Chukua yai bichi, litie katika gilasi, umimine siki hadi lizame. Mwite mtoto atazame mapovu yakianza kutoka kwenye ganda. Hayo ni gesi ya kaboni, na ganda ni chokaa kama ile ya konokono na matumbawe. Baada ya siku moja au mbili ganda litakuwa limeliwa lote, na litabaki yai laini linalotikisika ndani ya ngozi yake. Mwambie aandike alichokiona kila asubuhi. Na liweke mbali, lisije likaangukia mikononi mwa mtu mwenye sufuria na njaa.